Tofali la Mtu Mpya

Jumatatu moja, saa moja na robo asubuhi, fundi mizani alilitua sanduku lake la mawe kwenye zulia la sebuleni ili afunge kamba za viatu, akapanda juu taratibu mpaka kisogo kikagusa dari. Alibaki huko ameinama, mikono ikiwa bado kwenye kiatu cha kulia. Mkewe alikuwa anampigia pasi shati la kazini. Aliinua macho, akayarudisha kwenye kola.

"Kwa kuwa uko huko, Baba watoto," alisema, "nitolee na ule utando wa buibui. Mimi hata nikipanda kiti siufikii."

Fundi akautoa. Kisha akajivuta kwa pazia, akashuka pole pole, akashika mpini wa sanduku, na miguu yake ikarudi kwenye zulia. Kamba ya kiatu cha kushoto aliifunga akiwa amelibana sanduku kati ya magoti.

Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na mawe ya mizani, ambayo huitwa mawe ingawa ni ya shaba, kilo ishirini kwa jumla, kila moja na mfuko wake wa kitambaa. Kwa miaka ishirini na miwili fundi alikuwa amezunguka nalo madukani, posta, kwenye maghala na hospitalini, akizikagua mizani za watu kwa niaba ya Idara ya Vipimo. Jiwe la kilo tano likisomeka kilo tano, alibandika stika ya kijani, akaandika tarehe na kutia sahihi, na kuanzia hapo mpaka mwaka uishe hakuna aliyeruhusiwa kubishana na mizani hiyo. Ilikuwa kazi ya heshima. Mtu anayebeba kilo ishirini mkononi kutwa nzima hana sababu ya kujiuliza yeye mwenyewe ana ngapi.

Alikuwa pia anakunywa. Palikuwa na kikombe cha asubuhi cha kutuliza mikono, kikombe cha mchana cha kukishukuru kile cha asubuhi, na vikombe vya jioni ambavyo havikuhitaji sababu. Vyote vilitoka kwenye chupa ya chai ambayo haikuwahi kuona chai. Mkewe alijua. Alijua pia kwamba upande wa mumewe wa godoro haubonyei, ila hilo alidhani ni uzuri wa godoro.

Siku hiyo hiyo alikwenda zahanati. Daktari alimpandisha kwenye mizani, sanduku likiwa sakafuni na mhudumu amemshika mkono asipotee. Mshale haukutikisika. Daktari akaandika sifuri kwenye kadi.

"Unakunywa?"

"Kidogo tu, daktari."

"Kidogo cha kila siku, au kidogo cha harusini?"

"Cha kila siku."

"Tangu lini?"

Fundi alihesabu moyoni. "Miaka kumi na moja."

"Basi hicho si kidogo, hiyo ni kazi ya pili." Daktari alivuta karatasi. "Kidonge cha hili sina. Ninao wagonjwa tisa kama wewe, na mmoja mwezi uliopita tulimtoa juu ya mnara wa simu. Kuna kikundi. Wanakutana Alhamisi saa kumi na moja jioni, jengo la maktaba, chini kabisa. Nenda ukakae nao."

Kwenye karatasi aliandika jina la ugonjwa, ulevi, akapiga muhuri, akamwambia aitunze.

Chini ya maktaba palikuwa na milango miwili inayotazamana, na hakuna uliokuwa na kibao. Anayetafuta kikundi cha walevi haulizi njia kwa sauti. Fundi alijifanya anasoma tangazo la vitabu vilivyopotea, akachungulia watu wanaingia wapi, akauchagua mlango walioingia wengi na waliovaa vizuri, kwa kuwa moyoni alijihesabu mlevi wa heshima.

Ndani, mtu mwenye miwani alikuwa amesimama mbele ya meza ndefu. "Ndugu zangu," alisema, "tatizo hili tulilifumbia macho lilipokuwa dogo. Sasa limeingia mpaka vyumbani mwetu."

Machozi yalimlenga fundi. Alisimama, sanduku mkononi, akasema kwamba yeye anaishi nalo mwaka wa kumi na moja huu, kwamba amelificha hata kwa majirani, na kwamba amechoka. Wakampigia makofi. Alhamisi iliyofuata walimchagua kuwa mjumbe wa kamati, na ndipo mwenye miwani alipoikunjua juu ya meza ramani ya mifereji ya maji machafu ya mtaa. Fundi aliitazama ramani. Aliona haya kusema, na kwa sababu alinyamaza vizuri wakamfanya pia kuwa katibu. Ukatibu huo anao hadi leo, na barua yake ndiyo iliyozibua mfereji wa nyuma ya soko.

Alhamisi ya tatu alilitua sanduku ili afungue mlango, akasahau. Fundi vioo, mtu mfupi mwenye plasta kwenye vidole vitatu, alimkuta ameng'ang'ania juu ya fremu ya mlango, akamshika kifundo cha mguu.

"Wewe ni wetu," alisema akimvuta. "Watu wa mifereji hawaelei. Mlango wetu ni ule."

Chumba cha kikundi kilikuwa stoo ya magazeti ya zamani. Dari yake ilikuwa fupi, na waanzilishi walikuwa wamekichagua chumba hicho kwa sababu hiyo. Viti vilikuwa na mikanda iliyokatwa kwenye magari mabovu, mchango wa mwenyekiti, mwalimu wa udereva aliyestaafu ambaye kila mtu alimwita Mama Breki. Yeye alikuwa na miaka tisa bila kunywa, na alikaa bila mkanda, miguu yote miwili chini. Kando ya mlango palikuwa na mizani ya jukwaa, ya kupimia mizigo, na kila anayeingia alipanda, akasoma, akashuka.

Mtu mpya alipewa tofali. Lilikuwa tofali la kawaida la kuchoma, pembe zimelika, uso wake umekuwa laini kwa kushikwa na mikono ya watu ambao wengi wao siku hizi walikuwa wanatembea barabarani bila kushika kitu. Fundi alilipakata.

"Nalishika mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka ukae bila hilo," alisema Mama Breki. "Huyu fundi vioo alilishika miezi miwili. Mimi mwaka na nusu, maana mimi nilikuwa mwongo. Sikiliza, mwanangu, nikueleze mara moja tu. Ukiacha kunywa, unaacha kupungua. Basi, ni hilo tu. Kilo zenyewe hazirudi kwa kuacha, zinarudi kwa kusema."

"Kusema nini?"

"Ulichofanya. Si ulichofanyiwa, hicho tunacho sote."

Jioni hiyo fundi aliimwaga chupa ya chai kwenye sinki, akaiosha, akaitia chai. Siku ya tatu mikono ilimtetemeka mpaka akashindwa kuingiza ufunguo kwenye kitasa chake mwenyewe. Mkewe alitoka, akauchukua, akajifanya anaufungua mlango ambao tayari alikuwa ameufungua kwa ndani ili atoke, akamrudishia ufunguo. Fundi alimpenda sana wakati huo, na alishindwa kumwambia.

Kila Alhamisi alikwenda. Alisema kwamba aliwahi kuficha chupa ndani ya tangi la maji la choo. Alisema kwamba alilala usingizi kwenye mazishi ya baba yake na akakoroma. Alisema kwamba siku ya mahafali ya binti yake alikaa nje ndani ya gari kwa sababu alikuwa ananuka, kisha akamdanganya kwamba alimwona akipokea cheti. Hiyo ya binti ilimpa kilo moja nzima. Nyingine zilikuwa za gramu gramu. Kufikia siku ya arobaini mizani ya mlangoni ilimsoma kilo sita, wakati mama mmoja mshonaji wa mapazia, aliyeanza pamoja naye, alikuwa amefika thelathini na tayari anavaa viatu vyepesi. Mama Breki alimtazama fundi kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi anayekanyaga klachi bila sababu.

"Unazunguka kitu," alimwambia.

"Sizunguki kitu."

"Sawa. Zunguka polepole basi, usije ukakigonga."

Jambo moja lilimsumbua fundi tangu siku ya kwanza, nalo ni ile mizani. Stika yake ilikuwa imepauka, lakini sahihi ilisomeka, na sahihi ilikuwa ya kwake. Tarehe ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Hakuna aliyeirudia mizani hiyo tangu hapo, kwa kuwa maktaba haikukumbuka kwamba inayo. Siku ya arobaini na mbili alishindwa kuvumilia. Alifika mapema, akafungua sanduku, akajifunga kiunoni kamba ya pazia, ncha ya pili kwenye kabati, akayapanga mawe yake yote juu ya jukwaa. Kilo ishirini za shaba zikasomeka kilo thelathini.

Wenzake walimkuta amepiga magoti mbele ya mizani.

"Nini?" alisema fundi vioo.

"Inazidisha. Kila mbili inasema tatu."

Mama Breki akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa hiyo mimi si sitini na tatu?"

"Arobaini na mbili, mama."

Mama Breki alikwenda kwenye kabati, akatoa mkanda, akaenda kukaa nao. Hakulaumu mtu. Alisema tu kwamba miaka yote hiyo alikuwa anajiuliza kwa nini upepo unamsumbua mtu wa kilo sitini.

"Na stika imeandikwa ni sahihi," alisema mshonaji wa mapazia. "Imekuwaje?"

Hapo fundi aliwaeleza, na maelezo yake yalikuwa ya kiufundi, kwa hiyo yalimtoka kirahisi. Mwaka ule alilisahau sanduku lake kwenye baa. Lilikaa huko wiki nne, likizuia mlango usijifunge. Aliona aibu kulifuata, akaona aibu zaidi kuiambia Idara. Basi akapima mizani kwa kitu kingine alichokuwa na uhakika nacho. Tangu ajiunge na kazi alikuwa na kilo sabini na mbili, kila mwaka, hazipungui hazizidi, wenzake walikuwa wakimtania kwamba angefaa kupigwa muhuri. Alipanda yeye mwenyewe. Mizani ikasema arobaini na nane. Akasema mizani hii imeharibika, akaifungua, akaizungusha skrubu mpaka ikasema sabini na mbili, akabandika stika.

"Na mizani haikuwa imeharibika," alisema fundi vioo.

"Haikuwa."

"Ulikuwa umeanza kuisha wewe."

"Nilikuwa nimeanza kuisha mimi."

Mama Breki alikaza mkanda wake. "Katika wiki nne ulizungusha ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Zitaje."

Fundi alizitaja. Hii ya maktaba. Mbili za posta. Ya kituo cha mabasi, ya mizigo. Ya duka la vifaa vya ujenzi. Za maghala, nne. Ya kiwanda cha sabuni. Ya dobi mkubwa. Hapo akalishika tofali vizuri zaidi.

"Hizo ni kumi na moja," alisema mshonaji wa mapazia, ambaye maisha yake yote alikuwa anahesabu pete za mapazia.

Fundi alisema saa imekwisha. Ilikuwa bado nusu saa.

Alhamisi iliyofuata hakusema kitu. Iliyofuata tena alisema, akiwa amefumba macho, na kwa kuwa alikuwa ameyapanga maneno hayo kwa miaka mitatu, yalitoka yamenyooka.

Ya kumi na mbili ilikuwa ya wodi ya watoto. Ni mizani ambayo mama anapanda kwanza, inarudishwa sifuri, kisha anapewa mtoto wake. Dawa nyingi za watoto husamehe zikizidi kidogo, na watoto wengi walipita salama. Mmoja alikuwa na miaka miwili, homa kali, kilo kumi. Mizani ikasema kumi na tano. Nesi akapiga hesabu ya sindano kwa kilo kumi na tano, na hesabu yake ilikuwa sawa, akamchoma siku saba. Homa iliisha. Masikio ya mtoto yakafa. Sasa ana miaka mitano, na anasoma shule ambayo kengele yake ni taa.

Hospitali iliitisha kikao cha watu saba. Nesi aliwaambia kwamba mizani ndiyo yenye kosa, akaomba ipimwe mbele yao. Idara ikatuma fundi, na fundi aliyetumwa ni yeye. Sanduku lilikuwa limesharudi. Alikwenda wodini saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya watu, akairudisha skrubu mahali pake. Saa nne alirudi na wale saba, akapanga mawe, na kilo kumi zikasomeka kilo kumi. Aliandika ripoti ya mistari minne. Nesi akafutiwa leseni.

"Ulimjua?" aliuliza Mama Breki.

"Ni shemeji yangu. Mdogo wake mke wangu. Jumapili ile tulikula meza moja. Mimi ndiye niliyemwomba anipitishie maji, na akanipitishia."

Mguu wa kiti chake ukakatika. Fundi akaanguka chini kwa kishindo ambacho hata kamati ya mifereji ilikisikia, na tofali likabiringika mpaka mlangoni. Hakuna aliyeinuka.

"Kiti kitaungwa," alisema Mama Breki. "Endelea."

"Nimemaliza."

Walimpandisha kwenye mizani, ambayo sasa ilikuwa inasema kweli. Kilo sitini na moja. Fundi alisimama pale akiwa na aibu, aibu safi isiyochanganywa na kitu, na magoti yalimuuma kwa kubeba mtu mzima.

"Bado kumi na moja," alisema fundi vioo.

"Hizo haziko hapa," alisema Mama Breki. "Ziko kwa mwenyewe."

Nyumbani alimweleza mkewe. Alianza tu, mkewe akaichomoa pasi kwenye umeme, akasikiliza mpaka pale mizani ya wodi ilipotajwa, akanyoosha mkono kumzuia.

"Umemwambia mdogo wangu?"

"Bado."

"Basi usinieleze mimi kabla yake."

Alihamishia mto wake chumba cha wageni. Asubuhi alipopita kutandika kitanda aliona upande wa mumewe wa godoro umebonyea, akaupigapiga kwa kiganja ukarudi, akatandika.

Lakini fundi hakwenda kwa shemeji yake. Alitaka aende na kitu mkononi. Alijiambia kwamba akifika na barua ya Idara, barua inayosema mizani ilikuwa na kosa na leseni irudishwe, basi yale mengine yatasemeka. Ulikuwa woga tu huo, umevaa tai. Jumatatu alibisha hodi kwa Mkuu wa Idara.

Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mpole, anayepanga kalamu zake kwa urefu. Aliagiza jalada liletwe, akaisoma ile mistari minne.

"Hapa umeandika mizani ni sahihi. Siku hiyo ulikuwa umekunywa?"

"Nilikuwa nimekunywa, mzee."

"Kuna mtu alijua?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo kwa mujibu wa jalada, ripoti hii iliandikwa na fundi timamu. Na leo?"

"Leo sijanywa. Ni siku ya sitini."

"Nakupongeza. Una karatasi yoyote?"

Fundi akatoa ile ya daktari, akijua kabisa ni ya nini, lakini hakuwa na nyingine. Mkuu aliisoma, akaugusa muhuri kwa kidole.

"Hii inasema wewe ni mlevi."

"Ndiyo."

"Basi maelezo haya ya leo ni ya mlevi. Naomba unielewe, fundi. Idara haiwezi kufuta maneno ya mtu timamu kwa maneno ya mlevi. Tukianza hivyo, stika zote zitabanduka."

"Lakini yule timamu ndiye aliyekuwa mlevi."

"Hilo limo kwenye maelezo ya mlevi," alisema Mkuu kwa upole, na akalifunga jalada. Hakumfukuza kazi, kwa kuwa hapakuwa na kosa la kumfukuzia. Alimpa siku mbili za mapumziko. Fundi aliliandikia pia baraza la wauguzi, kurasa tatu, kwa mwandiko wake wa ukatibu. Baraza lilijibu baada ya wiki mbili kwamba katika masuala ya vipimo hutegemea ripoti ya Idara, na likaambatanisha nakala ya ripoti hiyo, ile ya mistari minne, yenye sahihi yake.

Kwa hiyo alikwenda mikono mitupu. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, na upepo ulikuwa unasukuma makaratasi barabarani. Sanduku aliliacha ofisini. Alitembea kwa kilo zake sitini na moja, akiinamia upepo kidogo.

Shemeji yake aliuza kwenye lile duka la vifaa vya ujenzi, kaunta ya misumari. Wateja walimwita Nesi. Walimwita hivyo kwa sababu walimjua tangu wodini, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba jina nalo lingepaswa kurudishwa. Mafundi seremala walipita maduka mawili yaliyo karibu ili wapimiwe na yeye, kwa kuwa nusu kilo yake ilikuwa nusu kilo.

"Shemeji," alisema akimwona. "Leo huna sanduku."

"Leo sina, shemeji. Nimekuja na maneno."

Alimwambia yote, amesimama, kaunta ikiwa kati yao. Alimwambia kuhusu sanduku kwenye baa, skrubu, saa kumi na mbili asubuhi, mistari minne, Mkuu, baraza. Nesi aliendelea kutenganisha misumari ya inchi mbili na ya inchi tatu iliyokuwa imechanganyika.

"Nilijua," alisema Nesi, fundi alipomaliza.

"Ulijua nini?"

"Siku ya kwanza kuingia kazini hapa nilikuta mizani ile ya jukwaa ina stika yako. Nikachukua pakiti ya misumari ya kiwandani, haijafunguliwa, imeandikwa kilo mbili. Nikaiweka. Ikasema tatu." Alionyesha rafu nyuma yake. Pakiti ilikuwepo bado, imepauka. "Kwa hiyo nilijua hesabu yangu ilikuwa sawa. Hilo lilinisaidia sana kulala. Nikaishusha skrubu mwenyewe, na kila asubuhi naipima na ile pakiti kabla sijafungua."

"Mbona hukusema?"

Nesi alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nilisema. Nilisema mbele ya watu saba. Wakakuita wewe."

Fundi aliitazama ile pakiti rafuni.

"Na kumwambia dada ningemwambia nini? Ana mume mmoja." Aliokota msumari uliopinda, akautupa kwenye kopo la chakavu. "Zamani nilikuwa nakuchukia kutwa nzima, shemeji. Siku hizi ni asubuhi tu, wakati wa kuipima ile pakiti. Ni kama dakika tatu."

Ubao wa sakafu ukalia chini ya miguu ya fundi, kisha ukalia tena. Nesi alisikia. Miaka kumi na minne ya wodi ilikuwa imemfundisha kumtazama mtu na kumkadiria. Alitoka nyuma ya kaunta, akainua mfuko wa saruji uliokuwa juu ya mizani ya jukwaa, akauweka pembeni.

"Panda," alisema.

Fundi akapanda. Mshale ukazunguka, ukasita, ukatulia.

"Sabini na mbili," alisema Nesi. "Kamili." Aliusoma kama alivyokuwa akisoma kwenye kadi za wodini, bila kuongeza kitu. Kisha akasema, "Laiti zingekuwepo siku ile wodini."

"Laiti zingekuwepo," alisema fundi.

"Ile leseni hairudi."

"Hairudi, shemeji. Nimejaribu, na nitajaribu tena."

"Jaribu. Ila usije hapa kila ukishindwa. Shuka, unazuia watu."

Seremala mmoja alikuwa amefika kaunta, akigongagonga kwa rula. "Nesi, nipe nusu ya inchi tatu," alisema. "Na bawaba mbili."

Fundi alishuka. Saa kumi na moja ilikuwa inakaribia, na siku hiyo alikuwa yeye wa kumpa mtu mpya tofali. Mlangoni aligeuka. Nesi alikuwa anamimina misumari kwenye sahani ya mizani, kichwa ameinamisha, kama wanavyoinama manesi wote wanaposoma sindano. Mshale ulipita nusu kilo kwa unywele. Seremala alisema hiyo si kitu, aiache tu. Nesi alitoa msumari mmoja, akaurudisha kwenye kasha, akasubiri mshale utulie.